Shuka la Kitanda cha Sita

Dobi wa hospitali hakuwa mtu wa magazeti. Yeye alisoma mashuka. Kwa miaka ishirini alifua kila kilichotoka wodini, na angekwambia nani kapata nafuu na nani yuko taabani kabla daktari hajavaa koti. Kila shuka lilishonwa namba ya kitanda pembeni, kwa uzi mwekundu. Basi kipindupindu kilipoingia mjini, kaka yake akalazwa kitanda cha sita katika wodi ya kutengwa, dobi alijiambia hana haja ya kwenda kumtazama. Shuka lingemweleza.

Tuseme ukweli: aliogopa. Ndugu waliruhusiwa kuingia mmoja mmoja, wakivaa aproni, barakoa, glavu na mabuti. Dobi alifika mpaka mlangoni mara mbili, na mara zote mbili akakumbuka ghafla kwamba ana kazi. Na huyo ndiye kaka aliyemlea wazazi wao walipofariki, aliyeacha shule akabeba zege ili mdogo wake asome.

Asubuhi ya kwanza shuka la sita lilikuja chafu kwelikweli. Ya pili likaja jeupe pe. Ya tatu, pe tena. Mashuka ya wodi ile yaliletwa kwenye ndoo, yamelowekwa maji ya dawa, lakini dawa ile huua vijidudu tu, doa hubaki palepale. Dobi alilikagua shuka upande huu na upande ule. Mgonjwa wa kipindupindu asiyechafua shuka hayupo kitandani.

Aliyeleta ndoo alikuwa Sista, mtawa aliyejitokeza wiki mbili zilizopita na kimfuko kimoja begani, wakati nusu ya wauguzi wameshajipa likizo. Halipwi, hakutumwa na mtu, wala hana ndugu mji ule. Dobi hakumpenda tangu siku ya kwanza. Mtu anayefanya kazi ya hatari bure, aliwaambia wenzake, ana lake jambo. Wengine walinong'ona kwamba anabatiza watu mahututi, wengine kwamba anawaficha waliokufa ili mji usitaharuki. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

"Kaka yangu vipi?" dobi alimuuliza.

"Anakusalimia. Amechoka, lakini anakunywa maji."

"Anakunywa mwenyewe?"

"Kidogo kidogo."

Sista alijibu akiitazama ndoo, mikono kaichimbia kwenye mifuko ya aproni. Dobi alimkata jicho mpaka alipopotea kwenye kona. Mtu mkweli hutazama watu usoni, aliwaza, na usiku ule hakupata usingizi.

Asubuhi ya nne hakusubiri ndoo. Alizunguka nyuma ya wodi ajionee mwenyewe shuka jeupe linakotoka. Akamkuta Sista kachuchumaa bombani, kampa mgongo, anasugua kitu kwa haraka haraka kama mwizi.

"Nimekukamata!" dobi alifoka. "Mficha maradhi kifo humuumbua! Sema, kaka yangu amekufa lini?"

Sista aliruka, beseni likapinduka, shuka likajimwaga miguuni pa dobi. Uzi mwekundu: sita. Lilikuwa chafu kuliko la siku ya kwanza. Dobi hakuhitaji daktari wa kumfafanulia. Maiti haichafui shuka namna ile.

"Hajafa," Sista alisema. "Ila anaumwa sana. Aliniomba nilifue kabla halijakufikia. Alisema, 'Mdogo wangu akiliona atajua hali yangu. Na akijua, asipokuja, atajilaumu maisha yake yote.' Akaniapisha nisikwambie. Ndiyo maana nashindwa hata kukutazama."

Miaka ishirini hakuna mtu mwingine hospitalini aliyewahi kugusa shuka chafu kwa sabuni, na akilini mwake haikuingia kwamba yupo anayeweza. Glavu za Sista zilikuwa zimetoboka, vidole vimechubuka kwa dawa mpaka vinavuja damu. Aibu ilimpanda dobi hadi masikioni.

"Wewe huogopi?" aliuliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Siogopi? Kila asubuhi pale mlangoni magoti yangu yanagongana. Nasali yatulie. Hayatulii. Basi naingia nayo hivyohivyo."

Siku zote dobi aliamini kwamba watu wa aina hii waliumbwa bila woga, na kwamba yeye alisahauliwa wakati ushujaa unagawiwa. Imani hiyo ilimfaa sana; ilimruhusu kubaki na sabuni zake. Sasa huyu mtawa mwembamba amempokonya kisingizio chake, mchana kweupe, kwenye bomba.

Akaokota shuka. Akalisugua mwenyewe, akalisuuza, akalitumbukiza kwenye dawa, akamwambia Sista akapumzike. Kisha akavaa aproni, barakoa, glavu na mabuti, akaingia, jasho likimtiririka mgongoni.

Kaka yake alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Aliona aproni tu.

"Sista," alisema kwa taabu, "umeshalifua?"

"Limefuliwa."

"Dogo hakuliona?"

"Ameliona, kaka. Na amekuja."

Mgonjwa aligeuza kichwa polepole, akayatazama yale macho juu ya barakoa.

"Sasa mbona umesimama mbali?" alisema.