Mgongo Ukigusa Chini

Ngeleka aliudharau mchezo wa binti yake hata kabla hajauona. Mieleka gani hiyo ya kulaliana? Yeye alikulia kwenye mieleka ya mchanga, ile ya vijana wa reli ya Kindu, na sheria yake ni fupi: mgongo wa mwenzako ukigusa chini, yamekwisha. Unaachilia papo hapo, unampa mkono ainuke. Anayeendelea kumbana mtu aliyekwisha kuanguka si mpiganaji, ni mshenzi.

"Kwetu, Papa, mugongo si kitu," Exaucée alimwambia. "Unaweza kuwa chini, na njo wewe unashinda. Unakamata mukono, unakaba shingo. Inaisha pale mwenyewe anakupiga-piga na kiganja, kusema basi."

Kwamba mgongo si kitu, Ngeleka alikuwa amelijua tangu vita.

Miaka ile treni hazikuja tena, na yeye na mdogo wake Patou walikuwa wakipigana mieleka kando ya mabehewa yaliyokwama, ili kuidanganya njaa. Ngeleka ndiye aliyemfundisha. Mchana mmoja mtu mwenye bunduki aliingia uani kwao kutafuta mbuzi. Patou alimdaka kiunoni, akamwinua, akambwaga chali. Halafu, Mungu wangu, akamwachilia. Mikono ilifunguka yenyewe, kama ilivyofundishwa. Yule mtu alimpiga risasi akiwa bado amelala, hata hakujisumbua kuinuka. Ngeleka alikuwa mlangoni. Nyumbani walijua kwamba Patou aliuawa vitani, basi. Hakumwambia mtu yeyote kwamba Patou alikuwa ameshinda.

Kwa hiyo akaanza kumsindikiza Exaucée mazoezini. Kocha Kasereka, mtu wa Butembo, alishangaa kumwona mzee wa mchanga amekaa kimya pembeni. Mazoea yana taabu: kila Exaucée alipomwangusha mtu, vidole vyake vililegea, kwa kuwa tangu utotoni baba yake alimfundisha hivyo. Wenzake walimcheka. Ngeleka hakucheka. Kila walipokuwa njiani kurudi nyumbani alimwambia neno moja tu: usiachilie.

Jumapili ya mashindano Exaucée alipangiwa Arielle, binti wa Jean-Bosco mwenye duka, rafiki yake wa kusuka naye nywele. Alimwangusha vizuri mno. Mgongo wa Arielle ukalia kwenye mkeka, na mikono ya Exaucée ikafunguka.

"Usiachilie," Ngeleka akasema kwa nguvu.

Mtoto akatii. Akaudaka mkono wa mwenzake, akaunyoosha katikati ya mapaja yake. Arielle akampiga kiganja pajani, mara mbili, mara tatu. Kasereka, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi siku hiyo, alikuwa upande wa pili, hakukiona kiganja kile. Ngeleka alikiona. Exaucée akageuza macho, akamtazama baba yake, akisubiri.

"Usiachilie."

Kiwiko kikavunjika kama kijiti cha muhogo. Watu waliokuwa wakishangilia wakashusha mikono, akasikika Arielle peke yake akilia.

Hospitalini walikaa kwenye benchi la nje, baba na binti, kila mmoja pembe yake.

"Nilisikia kiganja yake," Exaucée alisema. "Nilitaka kuachilia, Papa. Wewe haukuona?"

Angeweza kudanganya. "Niliona."

Akamsimulia basi, yote, kwa mara ya kwanza: ua, mbuzi, Patou, mikono iliyofunguka. Alisimulia vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, huku machozi yakimtoka bila aibu. Exaucée alilia pamoja naye, kwa ajili ya baba mdogo asiyemjua. Ngeleka akadhani amesamehewa.

"Lakini yule muntu wa bunduki hakusema basi," binti akasema alipojifuta uso. "Arielle alisema."

Miaka yote hiyo Ngeleka alikuwa amemlilia mdogo wake aliyeachilia adui, na leo mtoto wa watu ameomba kuachiliwa, yeye akakataa kwa mikono ya binti yake. Patou hakupata faida yoyote.

Exaucée aliinuka kurudi ndani kwa rafiki yake. Ngeleka naye akainuka.

"Bakia hapa, Papa," akamwambia. "Arielle hataki kukuona. Na mimi pia."