Nilivyomfuta Mzee Ngala

Kidole cha Mama Kavumbi kilikuwa kinatembea juu ya picha. Kilianzia kwenye paa la makuti, kikashuka taratibu hadi kwenye uwanja uliofagiwa, kikapita zizi la mbuzi, kikafika ukingo wa shamba na kusimama. Kikarudi nyuma. Kikaja tena palepale. Uso aliuinamisha hata pua ikakaribia kugusa karatasi, kwa kuwa jicho lake la kushoto lilishakufa na la kulia lilikuwa limebakiwa na nuru kidogo, ya kuona kitu kimoja kimoja.

"Ngowa," alimwita mwanawe bila kuinua kichwa. "Baba yako yuko wapi?"

Tulikuwa Majengo, nyumbani kwa Ngowa, Ijumaa baada ya swala, na picha ile niliileta mimi, ndani ya fremu, nikiwa nimejaa fahari hadi puani. Baba yake Ngowa, Mzee Ngala, alikuwa amefariki miaka kumi na minne kabla ya siku hiyo.

Mimi ni Yazid, mpiga picha wa Mji wa Kale. Studio yangu imo ndani ya kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, na niliirithi kwa marehemu baba yangu, Jaffar, pamoja na mapazia yake na tabia zake. Yeye ndiye aliyenifundisha kufuta chunusi, kung'arisha macho na kunyoosha kola iliyopinda. Nilipokuwa kijana nilimwuliza kama huo si uongo. Alinicheka.

"Kioo mteja anacho kwao," alisema. "Hapa yuwaja kwa kitu chengine."

Nikakua na imani hiyo. Kwetu picha haikuwa ikitoka mlangoni na doa.

Kisha nyuso zikanichosha. Nikaanza kutoka na kamera Jumapili alfajiri, kwanza karibu tu, kwenye minazi ya Rabai na mashamba ya nyuma ya Mtwapa, halafu mbali zaidi, Kinango, Kaloleni, hadi vilima vya Taita. Niliipenda ile saa ambayo ukungu bado umelala mabondeni na nchi yote kama imefunikwa shuka. Nilikuwa nikisimama hapo nikisahau hata kubonyeza. Nyumbani walinitania sana: mtu hajawahi kushika jembe, anachoma mafuta kwenda kupiga picha vichaka! Niliwaacha wacheke. Huko nilikuwa na raha ambayo studio haikuwahi kunipa.

Ngowa aliziona picha hizo ukutani alipokuja kupigwa picha ya kitambulisho cha kuingilia bandarini. Alikuwa mwendesha kreni Kilindini. Alizitazama kwa muda mrefu, na tangu siku hiyo tukawa marafiki. Ndiyo maana mama yake alipoletwa mjini kutoka Bamba kwa ajili ya macho, Ngowa alinijia mimi.

"Ni presha ya macho," aliniambia. "Daktari amesema Jumatatu apasuliwe, la sivyo nuru iliyobaki itakwenda na haitarudi. Mama amekubali, ila ana sharti. Anataka kuona kwao kwanza."

"Si umpeleke?"

"Akienda harudi. Namjua. Kanipigie picha, Yazid. Picha atakubali."

Nilikwenda Bamba kwa moyo wote. Ndugu yake Ngowa, Morgan, alinipokea kungali giza, akanionyesha pa kusimama, akaenda kukama mbuzi. Jua lilipochomoza, ile nchi kavu iligeuka rangi ya asali. Sijapata kupiga picha nzuri kama ile. Kitu kimoja tu kilinikera: pembeni mwa shamba palikuwa na ubao wa kijivu, mkuukuu, umeinama upande, umekata mstari wa ardhi pale hasa jicho lilipotaka kupita. Nilidhani ni mabaki ya ua. Niliporudi studio niliufuta kwenye kompyuta kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha kahawa, na mahali pake nikaotesha nyasi.

Sasa pale Majengo, kidole cha Mama Kavumbi kilikuwa kimetulia juu ya nyasi zangu.

Ngowa ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini. Ule ubao ulikuwa kigango. Ulichongwa kichwa na mabega, ukasimamishwa kwa ajili ya baba yake, ili mzee apate pa kukaa na watu wake wapate pa kuzungumza naye. Vigango nilikuwa nimeviona vitabuni, vimesafishwa, vimesimama wima. Cha shambani, kilichonyeshewa na kupigwa jua miaka yote hiyo, sikukitambua.

"Wameshamwiba," Mama Kavumbi alisema. "Kama walivyowaiba wa jirani, wakawauza kwa wageni."

Ngowa akanigeukia. "Wewe ulikiona?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Lakini nilimtazama yule mama, nikaitazama fremu niliyoing'arisha kwa mkono wangu, aibu ikanishinda.

"Sikuangalia vizuri," nilisema.

Kesho yake alfajiri, Ngowa akiwa zamu ya bandarini, Mama Kavumbi alijifunga leso yake akaondoka kwenda Bamba peke yake, kwa nuru ile ile kidogo. Ngowa aliponipigia simu kuniambia, nikamweleza yote. Hakunitukana. Alisema tu, "Basi nenda kamwambie mwenyewe." Ningefurahi zaidi angenitukana.

Nilifika Jumapili. Nilimkuta ameketi mchangani pembeni mwa shamba, mkono wake juu ya bega la ule ubao, jinsi mtu anavyomwegemea mumewe barazani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Nikaketi nami mchangani, nikamwambia kwamba hakuna aliyemwiba mzee. Ni mimi niliyemfuta kwa kuona anaharibu picha, na juzi nilipoulizwa nilisema uongo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, kicheko kifupi kikavu.

"Kumbe mwizi ni wewe!"

"Ni mimi, mama. Twende basi. Gari lipo. Kesho ni siku ya daktari."

Akatikisa kichwa. "Nilimwacha mara moja tu, ukamchukua. Simwachi tena."

Nilimbembeleza. Morgan alimbembeleza. Ngowa alimlilia kwenye simu, mwanamume mzima. Jumatatu ikapita, na miezi mitatu baadaye jicho la kulia likazimika, kimya, kama daktari alivyosema. Nimetafuta namna nyingi za kujitetea kwa hilo na sijapata hata moja.

Tangu hapo nikawa nakwenda kwake kila baada ya mvua, mwaka wa sita sasa. Kila ninakopiga picha, Rabai, Kinango, Taita, humpelekea, ananishika mkono na kutaka nimsimulie: mahindi yamefika wapi, mlima una rangi gani, ng'ombe wana hali gani. Mimi niliyezoea kuondoa vitu nikajifunza kuvitaja vyote, kisiki, tope, mfuko wa plastiki ulionasa mwibani. Akisikia gari langu huwaambia watu, "Mwizi wangu amefika." Na swali la mwisho, kabla sijaondoka, huwa ni lile lile.

"Yupo?"

Nami hutazama shambani na kujibu, "Yupo."

Mwaka huu Morgan alinisubiri njiani, mbali na nyumba. Nilijua kuna jambo kwa jinsi alivyoushika mlango wa gari.

"Kimeanguka," alisema. "Juzi, kwa mvua. Mchwa walishakila chini. Yeye sijamwambia, Yazid. Nawe usimwambie. Sema neno lako lile lile, kwani anaona?"

Nilikwenda kukitazama. Mzee Ngala alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani mabichi, na jongoo anampanda begani taratibu. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Nilifikiri, na sioni haya kusema, kwamba kwenye kompyuta ningemsimamisha kwa dakika moja, wima kuliko alivyowahi kuwa.

Mama Kavumbi alikuwa uwanjani, uso ameuelekeza kwenye jua. Nilimsimulia Taita yote. Nilichelewesha, nikaongeza na mambo ya mjini, hata akachoka na porojo zangu.

"Yupo?"

Morgan alinitazama.

"Amelala, mama," nilisema. "Ameanguka."

Mkono wake ulikaza juu ya wangu. "Nani kamng'oa?"

"Hakuna. Ni mvua na mchwa."

Kuku walipita miguuni mwetu. Machozi yalikuwa yananitoka, nikashukuru kwamba haoni, kisha nikaona haya kwa kushukuru.

"Basi ni sawa," alisema mwisho. "Kigango hakiguswi, Mwizi. Huachwa kikasimama, na kikitaka kulala huachwa kikalala. Hakuna aliyemchukua. Amepumzika." Akanisukuma goti. "Nenda kampige picha. Hivyo hivyo alivyolala."

Nilipiga picha moja tu, kutoka pale pale niliposimama mara ya kwanza. Wiki iliyofuata nikampelekea, kubwa, bila fremu, na jongoo yumo. Kidole chake kilianza safari yake ya zamani, paa, uwanja, zizi, kikafika ukingo wa shamba na kusimama, hakijui pa kwenda. Nikakishika, nikakiweka mahali alipolala mzee, naye akakiacha hapo.