Balbu ya Mama

Kila jioni fundi alipowasha taa ya chumba cha cherehani, mama yake, aliyefariki miaka mitatu iliyopita, alikuwa ameshakaa kitini chini ya balbu akifumua pindo. Balbu yenyewe ilikuwa ya zamani, ya wati sitini. Mama alifumua vizuri kuliko alipokuwa hai, maana macho hayakumsumbua tena. Hakuwa na maneno mengi, ila kaka yake fundi akija kula aliinua kichwa.

"Niliita, mwanangu," alimwambia. "Ukapandisha redio."

Siku ile mama alipozidiwa, fundi alitoka mbio kutafuta dawa, akamwachia kaka yake zamu ya kumwangalia mgonjwa. Aliporudi aliambiwa mama amefariki usingizini, kimya kimya, naye akaamini. Ni kaka yake, tumbo moja. Sasa kila jioni kaka alimeza tonge akiangalia ukuta. Fundi alishaamua kumsamehe, maadamu mama yupo.

Ndipo likatoka tangazo: balbu za zamani zinakula umeme, zirudishwe kwenye ghala la shirika la umeme, kila nyumba ipewe mpya bure.

"Hiyo niachie mimi," kaka alisema. "Nitaiombea ibaki."

Fundi alishukuru mpaka akamshonea suruali.

Siku moja alirudi kutoka kupeleka nguo za wateja, akakuta balbu nyeupe darini. Aliizima, akaiwasha. Kiti kilikuwa kitupu, pindo limeachwa nusu.

Alikwenda ghalani. Balbu zilipangwa kwenye makasha, zote zinawaka bila waya, na marehemu wa mtaa mzima walikaa chini yake wamebanana. Mama alikuwa kasha la tatu, sindano mkononi.

"Nimemfuata mama," fundi alisema.

Karani akafungua faili. "Fomu inauliza, dada: kuna marehemu anayetumia taa hii? Mngejaza ndiyo, tungewaachia. Wengi tumewaachia."

Akageuza karatasi. Hakuna, iliandikwa, kwa mwandiko wa kaka uliotulia, bila kufutwa popote.

"Siwezi kumtoa mtu ambaye hayupo," karani alisema kwa upole, akamsogezea mama kiti.

Jioni kaka alikuja na suruali yake mpya, akala vizuri, akaongeza.

"Taa hii inaangaza," alisema.

Ilikuwa kweli. Fundi aliuona uso wa kaka yake wote, mpaka vinyweleo.

"Kaka," aliita. "Kaka."

Kaka akanyoosha mkono, akapandisha redio.