Nusu ya Kwanza ya Barua

Saa tatu kamili asubuhi, profesa wa falsafa alifungua droo ya meza yake ofisini kutafuta kalamu nyekundu, akakuta karatasi nne zilizobanwa pamoja. Mstari wa juu ulisomeka: "Sasa nizijibu hoja hizo." Karatasi hizo zilipaswa kuwa hospitalini kwa mama yake tangu jana jioni. Kama ziko hapa, basi kilichofika kule ni nusu ya kwanza ya barua yake peke yake.

Wanafunzi walimwita Kwa Upande Mwingine, na jina hilo hakulichukia. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifundisha somo la sayansi na imani ya Kikristo, na sharti lake lilikuwa moja: kabla hujatetea hoja yako, andika kwanza ya mpinzani wako, kwa nafsi ya kwanza kana kwamba ni yako, na uipe nguvu kuliko alivyoipa yeye mwenyewe. Asiyeweza hivyo alirudishiwa kazi yake bila alama. Ndivyo alivyoandika makala zake zote. Ndivyo alivyomwandikia na mama, kwa mazoea tu, bila kukumbuka kwamba mama hajawahi kukaa darasani mwake.

Mama alikuwa na uvimbe kwenye mshipa mkuu wa damu, tumboni. Madaktari walitaka kumpasua saa nne asubuhi ile. Fomu ya ridhaa ilikuwa bado haina sahihi, kwa sababu mama, aliyefundisha katekisimu maisha yake yote, alikuwa na swali. "Nimeomba miezi mitatu," alisema. "Nikikubali kisu, si ndiyo kumwambia Mungu kwamba sikumwamini? Wewe ndiye uliyesomea mambo haya. Niandikie. Nikishasoma nitajua la kufanya."

Nusu ya kwanza ilianza hivi: "Mama, usikubali."

Alimpigia simu mdogo wake wa kike, fundi cherehani aliyekuwa akimuuguza mama.

"Kaka, umetufanyia nini?" Dada alikuwa akinong'ona. "Keshavaa viatu. Ananiambia nimkunjie khanga, tunarudi nyumbani. Barua yako anamsomea kila muuguzi anayepita. 'Mwanangu profesa kathibitisha.'"

"Mwambie asitoke. Mwambie barua haijaisha."

"Nimwambie mimi? Mimi si profesa."

Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, na kwa gari ni zaidi, maana barabara ilikuwa imejaa. Alikwenda kwa miguu, kisha akakimbia, karatasi nne kifuani, tai begani. Wanafunzi wawili langoni walimpisha wakimkodolea macho. Njiani alijaribu kuzikumbuka hoja za nusu ya kwanza ili azivunje moja moja, akatambua kwa hofu kwamba alikuwa amezijenga vizuri mno. Daktari aliwahi kumwambia waziwazi: mshipa huo ukipasuka nyumbani, wanaofika hospitali wakiwa hai ni wachache.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, mkoba mapajani, miwani usoni. Daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, alisimama mlangoni.

"Profesa, saa nne kasorobo nampeleka mgonjwa mwingine," alisema. "Siwezi kuacha chumba kikae bure."

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini.

"Mwanangu, unahema," mama alisema. "Kaa. Barua nimeisoma mara tatu. Hujawahi kuandika kitu kizuri hivi."

"Mama, hiyo si mimi. Yaani ni mimi, lakini siyo ninachoamini." Akamweleza desturi yake, upesi, huku akisikia maneno yalivyokuwa ya ajabu ndani ya wodi.

Mama alivua miwani. "Kwa hiyo ulikaa ukaandika uongo kurasa tatu, kwa ufundi wote huo, ukaniletea mimi mgonjwa?"

"Si uongo. Ni hoja ya upande mwingine."

"Haya, soma wa kwako."

Akasoma. Alisoma kwamba Mungu aliyeumba damu ameumba pia akili iliyojua kuushona mshipa. Kwamba maombi na dawa havishindani kama watu wawili mbioni, mmoja akishinda mwingine ameshindwa. Mama alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande, jinsi alivyokuwa akiwasikiliza watoto wakikariri.

"Ni nzuri," alisema mwishoni. "Ila ile ya kwanza imeishinda. Mle uliniambia kitu nilichokiona mwenyewe. Hapa unaniambia maneno."

"Kitu gani, mama?"

Mama alifungua mkoba, akatoa kurasa, akaweka kidole. "'Miezi mitatu umeomba, na kwa miezi mitatu uvimbe haujakua hata kidogo. Anayeuzuia amekwisha kuanza kazi; kwa nini umkatishe?' Jibu hilo."

Profesa aliutazama mstari ule. Nusu yote ya kwanza ilisimama juu yake. Katika nusu ya pili hakuwa ameugusa, kwa kuwa alidhani ni kweli. Yeye, aliyewakata wanafunzi alama kwa kila dai lisilo na chanzo, alikuwa ameuchukua kutoka mdomoni mwa mama bila kuuliza.

"Nani alikwambia haujakua?"

"Mdogo wako. Ndiye aliyepokea majibu ya kipimo cha pili."

Dada, aliyekuwa akikunja khanga, aliacha kukunja.

"Ulikuwa kiasi gani?" profesa alimuuliza. Dada aliinamia khanga. Profesa akamgeukia daktari. "Tafadhali, vipimo vyote viwili."

Daktari alifungua faili. "Cha kwanza, sentimita nne na nukta sita. Cha pili, tano na nukta tisa."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifanya amelala.

"Mama, nilidhani ukijua utaogopa, presha ipande," dada alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilitaka upumzike."

Profesa alitazama saa ya ukutani: saa tatu na dakika thelathini na sita. Alikuwa na hoja mbili zaidi kichwani, akazinyamazisha.

"Tangu kipimo kile," mama alisema, "kila asubuhi nimekuwa namshukuru Mungu kwa jambo ambalo halikutokea. Wewe ulikuwa umekaa hapo pembeni unaitikia amina."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Ila leo bado nimekasirika, usiniharakishe." Akamgeukia daktari. "Lete fomu. Mngeniambia nambari hiyo tangu siku ile, nisingemsumbua huyu na barua."

Aliweka sahihi kwa mwandiko wake wa ubaoni, mkubwa, ulionyooka. Kisha akavua viatu mwenyewe. Wauguzi wawili wakaleta kitanda cha magurudumu.

"Sasa niombee," alimwambia mwanawe. "Kwa sauti."

Alikuwa ameandika kurasa mia tatu kuhusu maombi na kanuni za maumbile. Alifumba macho, na hakupata neno la kwanza.

"Anza na shukrani," mama alimwelekeza, kama mwalimu.

"Nishukuru kwa lipi?"

"Kwa hicho kipimo cha pili, mtoto wewe. Haya, wananisubiri."

Akaanza. Alisema "tano nukta tisa" ndani ya sala, na muuguzi mmoja akamtazama. Hakuwa amefika kwenye ombi lenyewe walipoanza kusukuma kitanda, kwa hiyo alitembea pembeni akiendelea, mkono kwenye chuma cha ubavuni, na dada nyuma yao na viatu mkononi, mpaka kwenye mlango ambao ndugu hawaruhusiwi kuupita.