Embrik Anaomba Kwenda Kwao

Bonde zima lilijua kahawa iko kwa Oddny. Ukipita barabara ya juu ukaona moshi kwenye dohani lake, hukungoja kualikwa. Ulivua viatu pale ukumbini, ukaingia na soksi zako, ukawakuta wenzako wamekwisha kujibana kwenye benchi la jikoni, chuma cha kuokea vafler, vile vikeki vyembamba, kinafuka mvuke, na Oddny katikati yao, birika mkononi, akigawa habari. Nani kamwacha nani. Nani kauza shamba la babu yake kwa watu wa Oslo. Kasisi mpya anakunywa au hanywi. Habari nyingine alikuwa nazo kabla ya wenyewe.

Moja tu hakuwahi kuiweka mezani. Akili ya mumewe, Embrik, ilikuwa inamponyoka.

Aliificha kwa ufundi. Mtu akimuuliza Embrik swali, Oddny alijibu yeye, na watu wakacheka kwamba tangu aolewe mwanamke huyu hajampa mwenzake nafasi ya kufungua mdomo. Wacha wacheke. Na nyumba yenyewe ilimsaidia. Embrik alikuwa fundi seremala. Benchi lile la bluu alilitengeneza yeye, kuta za mbao za kahawia alizipigilia yeye kabla ya harusi yao. Jina la mfalme lilikuwa limemtoka, jina la daraja la kijijini pia, lakini mkono haukuwa umesahau kitu. Asubuhi alishika ukingo wa benchi, kutoka benchi akafika kwenye sanduku la kuni, kutoka sandukuni akaupapasa ukuta hadi mlango wenye kimoyo cha mbao, ambao kule kila mtu anajua ni choo. Akitoka huko alijitumbukiza kwenye kiti chake cha kijani kando ya jiko, akaomba kahawa, akauliza kasisi anakunywa au hanywi. Humo ndani alikuwa mtu mzima kabisa.

Ikaja barafu ya kwanza ya mwaka. Embrik akateleza mbele ya ghala la kuni, akavunjika nyonga. Wakampasua, kisha wakampeleka mjini kwenye kituo cha kufundishwa kutembea upya, na Oddny akahamia kwa dada yake huko huko mjini ili awe karibu. Jorunn, muuguzi wa manispaa, alimwita pembeni.

"Anaweza kurudi nyumbani," alisema. "Tumwangalie majira haya ya baridi. Akimudu, anabaki kwake mpaka mwisho. Asipomudu, kuna chumba kwenye nyumba ya wazee, pale chini ya kanisa. Sikufichi, Oddny."

"Atamudu."

"Ila vile vizulia vyako viondoke. Atajikwaa."

Oddny akampigia simu Ingvill, mtoto wao wa pekee, anayeishi Oslo. Akamwambia habari ya vizulia. Ya akili hakumwambia. Alitaka sana kumwambia, hata akafungua mdomo, lakini kilichotoka mdomoni ni habari za dada yake na mwanamume wa duka la uvuvi.

Sasa Ingvill kazi yake ni kupanga nyumba za watu. Vibanda vile vyote vya kule mlimani, wanakokuja watu wa mjini kutafuta utulivu, vimepita mikononi mwake: kuta nyeupe, sakafu iliyosuguliwa kwa sabuni mpaka ikapauka, ngozi ya kondoo kwenye kiti, mshumaa dirishani, basi. Watu husafiri mbali kuja kukaa kimya humo. Alimpenda baba yake kupita maelezo. Aliposikia vizulia viondoke, akaomba likizo, akatafuta wapaka rangi wawili, akapandisha mikono ya sweta.

Waliporudi, theluji ilikuwa imelala na mishumaa inawaka madirishani.

"Fumba macho, mama. Baba, na wewe."

Oddny akafumba. Kisha akafumbua. Kuta zote nyeupe. Dari jeupe. Karatasi ya ukutani ya jikoni, ile yenye maua ya rangi ya machungwa, haipo, mapazia hayapo, benchi halipo, kiti cha kijani hakipo, sanduku la kuni halipo. Kuni zimepangwa kwenye tundu la ukutani kama mapambo. Milango imepakwa rangi ile ile ya kuta, hata hukuweza kujua ukuta unaishia wapi. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomuuma baadaye, kwamba ilikuwa nzuri kweli.

"Mwanga, mama! Hakuna cha kujikwaa. Na hewa! Si unaona hewa?"

"Naona," alisema Oddny. "Vile vitu viko wapi?"

"Nimewapa watoto wa bendi ya shule, kwa mnada wao wa kuchangisha fedha. Vimekwisha vyote, watu walivigombania."

Embrik alikuwa amesimama ukumbini. Alivua viatu polepole, akavipanga ubavuni mwa mlango, ncha zikitazama nje, kama mtu ambaye hatakaa sana. Akaingia na kofia mkononi.

"Mna nyumba nzuri," akasema. "Nyeupe."

Ingvill akacheka kwa furaha, akamkumbatia. Aliona baba anamtania.

Jumapili walikuja majirani kuangalia. Torbjørg wa nyumba ya pili, ambaye hajawahi kuficha lililo moyoni, aliganda mlangoni.

"Shoga, nimedhani nimekufa nimefika mbinguni. Ila mbinguni nasikia kuna mapazia."

"Kaa, acha maneno," alisema Oddny.

"Nikae wapi? Hiyo ngozi ni ya kukalia au ya kuangalia? Mwenzangu, mimi nina paka mweusi, simleti tena hapa, ataonekana kama kosa."

Watu wakaangua kicheko, na Oddny akacheka nao, lakini jicho lake lilikuwa kwa Embrik. Embrik alikaa ncha ya kiti. Alipopewa vafler alisema hapana asante, akangoja aambiwe mara ya pili ndipo akachukua, na akachukua ndogo kuliko zote. Yeye, ambaye miaka yote alisimama mwenyewe akajikatia jibini la kahawia mapande ya kutisha! Hakumwaga hata tone. Hakujibu mzaha wa mtu. Wageni walipoinuka, na yeye akainuka.

"Twende, Oddny," akamnong'oneza. "Wenyeji wamechoka."

Oddny akamshika mkono akamrudisha kitini, akawaambia wengine kwa sauti kubwa kwamba mzee dawa zinamlevya.

Ingvill akarudi Oslo na furaha yake. Kilichofuata Oddny alikibeba peke yake. Embrik aliamka akanyoosha mkono kutafuta benchi, mkono ukashika hewa. Alipapasa ukuta mweupe kutoka pembe hadi pembe, mlango hauoni, na aibu ikamshika kuuliza choo kwenye nyumba ya watu. Siku moja alijisaidia kwenye mtungi mkubwa wa udongo, uliotiwa matawi makavu kama pambo, kisha akasimama mbele yake akiuficha kwa mwili, uso umemwiva.

"Usiwaambie wenye nyumba," alisema.

"Siwaambii," alisema Oddny, akapiga magoti akafuta.

Na kila alasiri, giza la mapema la majira ya baridi likiingia, Embrik alivaa koti. "Asante kwa kahawa. Sisi sasa tuage." Oddny alimwambia hapa ndiyo kwao. Embrik alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyekunywa kidogo, akasema, "Najua kwetu ni wapi, Oddny."

Halafu akaacha kumwita kwa jina. Alianza kusema, "Samahani, mama, mke wangu hajafika kunichukua?"

Oddny alikwenda akakaa ghalani juu ya magogo. Aliyempenda Embrik alikuwa mwanamke wa jikoni ya machungwa, mwenye kelele, mwenye birika. Humu kwenye weupe mwanamke huyo hakuwepo. Huyu aliyekuwepo alikuwa mama mwenye nyumba fulani, mpole, asiyemfahamu. Akatoa simu mfukoni, na safari hii hakusema habari za mtu mwingine.

Ingvill alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini? Kila tukiongea kwenye simu ulisema baba yuko imara kama gogo. Nikapenda ulivyosema."

"Nimemwondoa kwake. Mimi. Kwa mikono yangu."

"Mimi ndiye niliyekupa ufunguo, mwanangu, nikakuficha kilichomo ndani. Usilie. Njoo."

Ingvill alikuja na gari la mizigo la kuazima, akapita nyumba kwa nyumba bondeni akiomba vitu vya wazazi wake, na ndivyo siri ya Oddny ilivyojulikana, mlango hadi mlango. Hakuna aliyeipokea kwa kicheko. Watu walibeba vitu wenyewe. Kiti cha kijani kililetwa kikiwa bado na vumbi la gereji, benchi wakaliburuta juu ya theluji kwa kamba. Torbjørg alikuja na saa ya ukutani kwapani, macho mekundu.

"Umenisengenyea dunia nzima, Oddny," alisema, "na hili ukashindwa kunipa mimi?"

"Yale ya watu yalikuwa habari, Torbjørg. Hili lilikuwa langu."

Torbjørg akaitundika saa. Wakapanga kila kitu palipokuwa pake. Karatasi ya machungwa haikupatikana, haitengenezwi tena, na ukuta wa mbao ulikwisha kunywa rangi. Ingvill aliukwangua kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu, chini yake kukatokea kijivu. Basi vile vitu vya zamani vikasimama katika ile nyumba nyeupe kama vilivyohifadhiwa na mtu kwa muda. Majirani wakajazana jikoni, wakanyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa Oddny. Embrik akaletwa kutoka chumbani, fimbo yake ikigonga sakafu.

Alikiona kiti. Akakiendea, akakizunguka, akapitisha kidole gumba kwenye mkono wa kiti uliochakaa. Oddny alifunga mikono kifuani. Ingvill alikuwa ameuma mdomo.

"Tazama," Embrik alisema, akimgeukia Oddny kwa adabu. "Na hawa wana kiti kama chetu."

Hakukikalia.

Siku chache baadaye Oddny alikuwa kwenye stoo ya chini ya nyumba akipanga magunia ya viazi, Ingvill yuko dukani. Embrik alivaa koti na kofia, akafunga kamba za viatu vizuri, akatoka. Aliyemrudisha ni Gudbrand, dereva wa greda la theluji, mtu mnene asiyependa maneno. Alikuwa amempandisha kando yake juu ya greda, amemfunika na jaketi lake mwenyewe.

"Nimemkuta zaidi ya daraja," Gudbrand alisema, akitazama kofia yake. "Katikati ya barabara. Bahati nilikuwa nimeinua kisu cha greda, Oddny, ningekuwa nimekishusha..." Akaigeuza kofia. "Nikamuuliza, mzee, unakwenda wapi? Akaniambia anakwenda kwa Oddny."

Jorunn alipokuja, hakuna aliyebishana naye. Alikunywa kahawa, akamuuliza Embrik mambo mawili matatu, naye akamjibu kwa heshima, yote ndivyo sivyo. Pale ukumbini Jorunn alimshika Oddny bega.

"Chumba kipo. Mwache aende kabla greda halijapita tena."

Oddny alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameahidi kwa Jorunn, kwa dada yake, kwa Mungu, kwamba Embrik angefia kitandani mwake. Sasa kitanda kilikuwepo, na mtu alikuwa amekwisha kuondoka humo, isipokuwa mwili wake.

Asubuhi ya kuondoka Embrik alikuwa mchangamfu. Aliambiwa anapelekwa nyumbani, akanyoa ndevu mwenyewe bila kujikata. Ingvill alimfunga skafu shingoni, akamfunga vibaya, akaifungua, akamfunga tena.

"Baba, nisamehe."

"Kwa lipi, binti? Umepika kahawa nzuri."

Ingvill akatoka nje kwa haraka, akaenda kukwangua barafu kwenye kioo cha gari la Jorunn, kioo ambacho kilikwisha kukwanguliwa.

Mlangoni Embrik alimpa Oddny mkono. Aliushika wa mwenzake kwa mikono yake yote miwili, ile mikubwa ya useremala.

"Basi, mama, asante kwa yote. Mmenitunza siku nyingi, na mimi si mtu wenu."

"Karibu tena," alisema Oddny. Sauti ilitoka ikiwa nzima, hata yeye alishangaa.

"Hapana, sasa nitulie kwangu. Mke wangu atakuwa anagomba." Akainama karibu, kama anampa umbea mtamu. "Ana domo, yule! Nyumba haikauki watu. Lakini nikuambie kweli, nikipotea, ni yeye anayenijua nilipo."

Oddny alitaka kusema, Embrik, ni mimi, nitazame. Alikwisha kulisema mara nyingi, na kila mara lilimtia mzee hofu. Leo hakuwa na hofu hata kidogo. Uso wake ulikuwa mweupe na safi kama wa mtu anayetarajiwa mahali.

"Msalimie," akasema.

"Zitafika."

Akateremka ngazi akishikilia mkono wa Jorunn. Ndani ya gari alijifunga mkanda, akageuka dirishani, akampungia Oddny kidogo, kwa heshima, kama unavyowapungia watu wema ambao njia yenu haitakutana tena. Oddny akampungia. Gari likashika barabara ya chini. Ingvill alimwita mama yake aingie, baridi ni kali, atapata homa, na Oddny akasema anakuja, akabaki pale ngazini na soksi zake mpaka zikalowa.