Asubuhi Iliyopunguzwa

Mpiga picha alikuwa akifuta lenzi shangazi wa bibi harusi alipoingia studio, akavuta kiti kabla hajakaribishwa. Mama huyu aliuza vitambaa sokoni, na ukoo mzima ulimtuma yeye kila palipokuwa na bei ya kuvunjwa. Mpishi alikwishasalimu amri, mpambaji naye. Alibaki huyu binti wa kamera.

Alianza kwa mbali, kama wajuzi wote. Akasifu picha za ukutani, akaulizia hali ya nyumbani, ndipo akatua mzigo: bei ile ilikuwa ya kukimbiza watu, na kuna jirani aliye tayari kuifanya kazi kwa theluthi mbili tu.

Zamani mpiga picha angebabaika, akashusha bei, kisha akajuta wiki mbili nzima akisafisha picha za watu kwa hasara. Siku hizi alijua thamani ya jasho lake. Akasema kwa upole kwamba jirani akiwafaa, wamchukue. Shangazi hakuinuka.

"Shangazi, mteja akitaka mita tatu kwa pesa ya mita mbili, unamfanyaje?"

"Namkatia mbili," alijibu mama yule, asijue alipokanyaga.

"Basi hiyo bei yako nimeikubali, na mimi nakukatia. Nianze asubuhi bibi harusi akivaa nisiione karamu, au nije moja kwa moja ukumbini?"

Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho. Alikuwa amekutana na mwenzake. Lakini maji alikwishayavulia nguo. Akaona asubuhi ni mambo ya chumbani tu, akaikata, akalipa kianzio, akaenda zake kifua mbele.

Siku ya tatu alirudi, safari hii nyuma ya bibi harusi, kanyong'onyea. Bibi harusi alieleza bila kupandisha sauti. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga. Aliyemlea ni shangazi, na asubuhi ya harusi ndiye angemvisha.

"Ile picha anayonivisha ndiyo niliyoitaka kuliko zote," alisema. "Kumbe amejikata mwenyewe."

Moyo ulimwambia mpiga picha aitoe asubuhi bure, akili ikamkumbusha kodi ya chumba. Kabla hajatamka neno, shangazi alifungua mkoba akaweka mezani pesa yote iliyosalia kwenye bei ya kwanza.

"Ulivyosema ndivyo," alisema. "Uwahi tu."

Asubuhi ya harusi mpiga picha aliwahi. Aliwasimamisha karibu na dirisha, akawatoa nje wote wasiohusika. Vifungo vya mgongoni vilikuwa ishirini na viwili, vidogo kama punje, na vidole vilivyozoea kupima vitambaa siku hiyo viliteleza. Shangazi aliomba radhi kwa kuchelewesha kazi.

"Usiharakishe, mama," alisema mpiga picha, jicho likiwa kwenye kamera. "Muda tunao."