Mwamba Uliohamia kwa Chausiku

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, Chausiku alikuwa sebuleni anajifunga kanga ya pili aende sokoni Dunda, alipokanyaga mkeka akaukuta umelowa. Akainama, akachovya kidole, akaonja. Chumvi.

"Haya, limeanza," akasema peke yake, akaukunja mkeka akauanika uani.

Lililoanza kuvuja ni tangi la kioo la samaki. Lilikuwa la shemeji yake Seleman, mume wa mdogo wake Sada, mkubwa katika shirika moja la umma huko Dar es Salaam. Mwaka ule wa 1970 Azimio la Arusha lilikuwa limetimiza miaka mitatu, na Seleman hakutaka mgeni yeyote akute nyumbani kwake kitu cha kuulizwa. Lakini mwamba wenye samaki wa rangi aliutaka, tena alitaka kuketi na kuutazama kila mwisho wa juma. Basi akauweka Bagamoyo kwa shemeji yake, ambaye kuta za nyumba yake ni nene na chumba chake ni baridi. Chausiku alikuwa mjane asiye na mtoto, na alichokuwa nacho duniani ni nyumba ile aliyoachiwa na mama yake. Na shemeji ukimkatalia, anayenuniwa ni mdogo wako. Akakubali.

Aliyelitengeneza tangi ni Mzee Msabaha, kalafati, fundi wa kuziba nyufa za mashua. Pwani yote ile hakuna aliyemzidi, na yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa wa kwanza kukuambia. Alichukua pamba, akaichovya mafuta ya papa, akaishindilia kwenye maungio ya vioo kama alivyozifanyia mashua miaka arobaini, yaani kwa nje.

Siku ile Chausiku aliteka ndoo sitini na nne kutoka tangini akamwaga uani. Mpapai ulikauka kabla ya magharibi. Tangi halikupungua. Maji yake yalipanda bahari ilipojaa na kushuka bahari ilipokupwa, na ndoo zake hazikuwa na neno la kusema katika hilo.

Jumatano Mzee Msabaha akaja. Akalizunguka tangi, akaigusa pamba iliyokuwa inajitokeza yenyewe kidogo kidogo.

"Chombo huzibwa nje," akasema.

"Mzee, mashua bahari iko nje. Hiki bahari iko ndani."

Mzee Msabaha akafikiri. "Hilo kweli. Sikuulizwa."

Kisha akamwonyesha pembe ya chini, upande wa ukutani. Kioo kilikuwa na ufa, urefu wa kidole.

"Matumbawe haya ya Mlingotini," akasema, "yanafuata maji ya kwao. Ijumaa ni bamvua, bahari itajaa kupita siku zote. Alasiri, saa kumi hivi, kioo kitapasuka."

"Na ukuta?"

Wote wawili waliijua nyumba ya Haji, mtaa wa pili, ambayo birika la maji lilivuja chini ya ukuta wake mwezi mmoja tu. Ukuta ulilainika, ukalala, na boriti zikaufuata. Kiwanja kile sasa kinalimwa mchicha.

Chausiku akaenda posta akampigia Seleman simu. Seleman alisikiliza, akauliza kama samaki wazima. Wazima.

"Basi shemeji, usiguse kitu. Jumamosi nakuja na wageni."

"Shemeji, nyumba itaanguka."

"Nyumba imesimama miaka mia hiyo. Acha wasiwasi." Simu ikakatika.

Chausiku aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alhamisi alikuwa anatoa masanduku yake nje ilipopigwa hodi. Walikuwa wanawake watatu wa kijiji cha Mlingotini, na vikapu na vijiti vyao vya kuchokolea pweza. Aliyetangulia, Mwanajuma, alikuwa mtu mzima mwenye miguu iliyochanwachanwa na mawe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hujambo mwanangu? Tumekuja kwa mwamba wetu. Tumeambiwa umehamia kwako."

"Umo ndani. Karibuni."

Chausiku alikuwa ameambiwa kwamba matumbawe yaliokotwa ufukweni. Mwanajuma akamweleza bila kupandisha sauti. Lori lilikuja, vijana wakatupa baruti, mwamba ukapasuka. Kilichopendeza kikachaguliwa, kilichobaki ni kifusi. Tangu siku hiyo wanawake wa pale wanatembea maji yakikupwa na kurudi na vikapu vitupu.

Chausiku aliona haya mpaka masikio yakamwaka. "Sikujua, bibi. Wallahi sikujua."

"Ungejuaje." Mwanajuma alikuwa anautazama ukuta, si tangi. "Nyumba yako ya mawe gani?"

"Ya bahari, matumbawe matupu. Kama zote za mtaa huu."

"Na maji yanavujia wapi?"

"Upande wa ukutani."

"Basi hayatoroki, yanakwenda kwa ndugu." Akagonga kwa kijiti. "Kwangua chokaa hii, toka sakafuni mpaka kiunoni. Mawe yana kiu, na nyinyi mmeyafunika uso."

Chokaa ile mama yake aliipaka kila mwaka kabla ya Ramadhani. Chausiku akasimama na panga mkononi. Kama bibi huyu amekosea, basi anaibomoa nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akaanza kukwangua. Wale watatu wakamsaidia, na Mzee Msabaha akaja na patasi yake, akalalamika kwamba wanakwangua vibaya.

Ijumaa, saa kumi na dakika chache alasiri, bahari ilifika forodhani. Kioo kililia mara moja, kikafunguka toka juu mpaka chini. Maji yakatoka yote, kisha yakaendelea kutoka mpaka yakafika magotini. Chausiku alikuwa ameuwekea ukuta kiganja, akausikia unakunywa. Ulikunywa robo saa nzima, taratibu, kama ng'ombe. Mawe yakageuka rangi, ya zambarau na ya manjano, yakachipua vidole vidogo vilivyoshikana, na nyufa zote za zamani zikafumba, hata ule wa juu ya dirisha uliokuwepo tangu mama yake yu hai. Mzee Msabaha akapiga ngumi ukutani.

"Haiingii hata pini," akasema, kwa wivu kidogo.

Nyumba ilisimama. Chausiku akaketi mumo humo majini na kanga zake, akacheka, akalia, akacheka tena. "Alhamdulillahi," akasema. "Mama, alhamdulillahi." Hakukumbuka mara ya mwisho alipopumua vile.

Seleman alifika Jumamosi na wageni wanne. Alisikitikia kioo, kisha akauona ukuta akafurahi. Wageni wakavua viatu, wakakunja suruali, na kila mmoja akasema hata yeye angependa mwamba kama huu. Chausiku akaitaja baruti mbele yao wote, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia shemeji.

"Ni kweli," akasema Seleman bila kukasirika. "Lakini bahari ni kubwa, shemeji." Akamwagiza Mzee Msabaha matangi manne, yazibwe kwa ndani.

Kuanzia hapo maji yalijaa sebuleni mara mbili kwa siku na kukupwa mara mbili. Chausiku aliinua kabati juu ya matofali, akazoea, na usingizi wake ukarudi. Maji yakikupwa, Mwanajuma na wenzake walipiga hodi, wakavua kandambili, wakachokoa pweza. Hakuna aliyerudi na kikapu kitupu.

Jumatano iliyofuata walikuta mlangoni wanawake sita wageni, na vikapu na vijiti. Walitoka kijiji cha kusini. Mkubwa wao akaamkia, akasema lori la baruti lilipita kwao Jumatatu.

Sebule ya Chausiku ilikuwa hatua saba kwa tano. Mwanajuma akaipima kwa macho.

"Sisi tutabaki upande wa dirisha," akasema. "Nyinyi shikeni wa mlango."

Chausiku akavipeleka viti uani, ili wote tisa waenee.